SOMO LA AFYA: Kuijua Hatari ya Saratani ya Ini Kabla ya Dalili

Mtu aliyeishi na virusi vya homa ya ini B kwa zaidi ya miezi sita huhesabiwa kuwa na maambukizi sugu. Anaweza kulima, kufanya biashara na kulea watoto kwa miaka mingi bila kuhisi maumivu. Saratani ya ini nayo huanza kimyakimya. Tumbo linapovimba na macho kuwa ya njano, nafasi ya kupona huwa imepungua sana. Je, aliye katika hatari kubwa hutambuliwaje mapema?

Njia mojawapo ni hesabu iitwayo PAGE-B, iliyochapishwa mwaka 2016. Huhitaji mambo matatu tu:

1. Umri: chini ya miaka 30, alama 0; miaka 30–39, alama 2; 40–49, alama 4; 50–59, alama 6; 60–69, alama 8; 70 na kuendelea, alama 10.
2. Jinsi: mwanamke 0, mwanamume 6.
3. Chembe sahani, yaani chembe zinazosaidia damu kuganda, katika mikrolita moja ya damu: 200,000 na zaidi, alama 0, kati ya 100,000 na 200,000, alama 6, chini ya 100,000, alama 9.

Jumla isiyozidi 9 ni hatari ndogo, 10 hadi 17 ni ya wastani, na 18 au zaidi ni kubwa. Chembe sahani huhesabiwa kwa sababu ini likijaa makovu, bandama huvimba na kuzizuia ndani yake, nazo hupungua katika damu.

Tuchukue mfano. Mwanamume wa miaka 45 mwenye chembe sahani 150,000 hupata 4, 6 na 6, jumla 16. Mwanamke wa umri huohuo mwenye chembe 250,000 hupata 4 pekee. Wote wawili hujiona wazima, lakini mwanamume anahitaji kufuatiliwa kwa karibu zaidi.

Hata hivyo, alama si utabiri wa ramli. Hesabu hii ilitungwa kwa wagonjwa wa Ulaya waliokuwa wakitumia dawa za virusi, ilhali barani Afrika saratani hii mara nyingi huwapata watu wenye umri mdogo zaidi. Kwa hiyo alama ndogo isimfanye mtu aache kliniki. Mwenye makovu ya ini, au ambaye mzazi au ndugu yake aliugua saratani ya ini, amweleze tabibu bila kusubiri hesabu yoyote. Uchunguzi wa kawaida kwa walio hatarini ni ultrasaundi ya ini kila baada ya miezi sita.

Hatari hupunguzwa pia nyumbani. Tumia dawa kama ulivyoelekezwa, wala usiziache kwa kuwa unajisikia vizuri. Epuka pombe. Kausha vema mahindi na karanga, na usile zilizoota ukungu, kwa maana sumukuvu huongeza sana hatari kwa mwenye virusi hivi. Watu wa nyumbani wapimwe, na watoto wakamilishe chanjo.

Uendapo kliniki, chukua majibu yako ya zamani na uulize: Chembe sahani zangu ni ngapi? Ini langu lina makovu? Ultrasaundi yangu ijayo ni lini?