SOMO: HABARI ZA BAHARINI NA CHAI YETU

Ndugu wanakikundi wa Kisii na Nyamira, huenda mtauliza: sisi watu wa milimani tuna shauri gani na bahari? Wengi wetu hata hatujaiona. Lakini chai uliyochuma Kebirigo au Ogembo itafika baharini kabla yako. Hupelekwa Mombasa, huuzwa mnadani, halafu hupakiwa melini kwenda Pakistan, Misri, Uingereza na kwingineko. Njia ya meli ikiharibika, gharama hupanda, na bonasi yetu huwa hatarini.

Mambo yalivyoanza

Septemba 25, 2008 maharamia wa Kisomali waliteka meli iitwayo Faina, iliyokuwa ikija Mombasa na vifaru 33. Iliachiliwa Februari 2009 baada ya kulipiwa fidia. Shida ilikuwa hii: haramia hajali mpaka. Meli huweza kutekwa karibu na nchi moja na kufichwa pwani ya nchi nyingine, huku mzigo ukiwa wa nchi ya tatu. Serikali moja peke yake haiwezi kujua yote.

Basi Januari 29, 2009 nchi 9, Kenya na Tanzania zikiwemo, zilitia sahihi mapatano mjini Djibouti. Baadaye zilifika 20. Zilikubali kuwa na vituo vitatu vya kupashana habari: Mombasa, Dar es Salaam na Sana'a kule Yemen. Tena kila nchi iteue ofisi moja ya kupokea na kutoa habari. Hata Ethiopia, isiyo na bahari, ilitia sahihi, maana mizigo yake hupitia Djibouti. Mwaka 2017, mjini Jeddah, mapatano yalipanuliwa yaguse pia magendo ya silaha, biashara ya kuuza watu na uvuvi haramu.

Kazi inavyokwenda

1. Nahodha akiona mashua ya kasi inamfuata, hutoa ripoti: yuko wapi, saa ngapi, ameona nini.
2. Kituo huichunguza habari, isiwe ni wavuvi tu.
3. Kituo huwaarifu wenzake, manowari na meli zilizo karibu, ili zijihadhari au zibadili njia.

Habari ikicheleweshwa mezani kwa mkubwa, inakuwa hadithi tu.

Upungufu wake

Tusidanganyane, habari pekee haizuii bunduki. Sana'a yenyewe ilitekwa na Wahuthi Septemba 2014. Tangu Novemba 2023 Wahuthi walishambulia meli nyingi katika Bahari ya Shamu. Meli zikalazimika kuzunguka kusini mwa Afrika, siku kumi hivi au zaidi zikaongezeka, na nauli ya mizigo ikapanda. Pia serikali huogopa kutoa siri za majeshi yao. Kuaminiana hakuji kwa sahihi ya siku moja.

Na sisi je?

Wenzetu wa Borabu wanajua habari ya ng'ombe kuibwa usiku na kuvushwa mpaka wa Sotik, au kutoka huko kuletwa huku. Mwizi hana kabila. Wanaoumia ni pande zote mbili, na faida anaipata yeye, kwa sababu sisi hatuongei. Tukingoja kesho yake, ng'ombe ameshachinjwa, na hasira inageuka vita vya majirani.

Kwa hiyo vikundi vya pande zote vifanye hivi:

- Kila upande uchague mtu mmoja mwaminifu wa kupigiwa simu, na chifu amjue.
- Semeni mlichoona kwa macho: saa, njia, rangi ya ng'ombe. Uvumi muuache.
- Msimtaje mtu kuwa mwizi bila ushahidi. Wako waliouawa bure kwa uvumi.
- Kukamata ni kazi ya polisi. Kazi yetu ni kuarifu mapema.
- Mkisaidiwa, rudisheni jibu. Asiyepewa shukrani hatapiga simu tena.

Maswali ya kujadiliana

1. Mara ya mwisho mali ilipoibwa kwetu, nani alijua kwanza, na alimwambia nani?
2. Tunaogopa kuwaambia majirani jambo gani? Kwa nini?
3. Kwa nini Ethiopia ilitia sahihi mapatano ya bahari? Sisi tunajifunza nini hapo?
4. Kabla ya mkutano ujao, nani atakwenda kusalimia kikundi cha ng'ambo ya mpaka?