Bendera ya Nailoni Baharini: Nguvu Zake na Adui Zake

Mtu atumbukiapo baharini, meli hupandisha bendera iliyogawanywa kwa mshazari, nusu nyekundu na nusu ya manjano. Meli za jirani huielewa mara moja, hata kama mabaharia wake husema lugha nyingine. Lakini nyekundu hiyo ikiwa imepauka, itasomwaje kutoka mbali?

Ishara za meli za biashara zilikusanywa Uingereza mwaka 1857, zikawa msingi wa kanuni ya kimataifa itumikayo hata leo. Bendera zake zina rangi tano tu: nyekundu, manjano, buluu, nyeusi na nyeupe. Zama hizo zilifumwa kwa sufu. Sufu, penye unyevu wa hewa wa asilimia 65, hubeba maji yapatayo asilimia 16 ya uzito wake. Nailoni hubeba asilimia 4 hivi. Bendera ya sufu iliyolowa huning'inia mlingotini kama tambara la kudekia.

Nailoni ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1935 na Wallace Carothers na wenzake katika kampuni ya DuPont, Marekani. Ni nyepesi, hukauka upesi, na nyuzi zake hunyumbuka kabla ya kukatika. Sifa hii ya mwisho ndiyo kubwa. Upepo upitapo juu ya kitambaa, mkunjo mdogo hubadili kasi na kanieneo ya hewa pande zote mbili. Mkunjo hukua, hukimbilia ncha iliyo huru, na hapo hupigwa kama mjeledi. Tena, kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne. Msomaji na atazame bendera yoyote kuukuu: upande wa kamba ni mzima, ncha imechanika.

Hata hivyo nailoni ina adui, nalo ni jua. Molekuli zake ni ndefu mithili ya minyororo, na mionzi ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho, huikata pingili kwa pingili. Mionzi hiyo hiyo huharibu rangi, ingawa viwanda hutia kemikali za kuikinga. Chumvi nayo, maji yakishakauka, huacha punje zenye kingo kali zinazosugua nyuzi.

Kwa hiyo bendera ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi, ikaushwe kivulini. Bendera ya taifa iliyochanika kidogo huweza kupindwa upya mapema. Ile ya ishara iliyopauka isiwekwe akiba, itolewe melini.