Wasia Kabla ya Mauti: Maswali na Majibu

Wengi wetu huogopa kuyataja mauti, na kwa khofu hiyo mtu aliyejenga nyumba, akanunua shamba na kuwakopesha wenziwe hufariki dunia pasina kuacha hata karatasi moja ya kueleza mali yake iko wapi na nani anamdai. Maswali yafuatayo huulizwa aghalabu na watu wazima wa Kenya, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, na majibu yake ni kwa mujibu wa sheria za nchi hiyo.

Swali: Mimi si tajiri, nina chumba kimoja cha kupangisha na akiba kidogo katika chama cha ushirika. Wasia wa nini?

Jibu: Sheria humruhusu kila mtu mzima mwenye akili timamu kuusia, wala haiulizi kiasi cha mali. Tena wasia si wa kugawa tu, bali ni wa kubainisha dhima: deni ulilokopa bila hati, amana ya jirani uliyowekewa, mahari ya mkeo ambayo hujaimaliza. Hayo yote, usipoyaandika, hubaki shingoni mwako, na mwenye haki huonekana mwongo mbele ya wanao. Na ikiwa una watoto wadogo, wasia ndio mahali pa kumtaja atakayekuwa mlezi wao.

Swali: Nikifa bila wasia, je, serikali itaichukua mali yangu?

Jibu: La. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, ina mgawo wake. Kwa asiyekuwa Mwislamu aliyeacha mjane mmoja na watoto, mjane hupata vyombo vya nyumbani na haki ya kuitumia mali iliyosalia, kisha watoto ndio huirithi. Serikali hurithi pale tu pasipokuwa na mwenzi wa ndoa, mtoto, mzazi, wala jamaa wa damu hata wa daraja ya sita. Taabu iko kwingine: maadamu hukumteua msimamizi, jamaa hulazimika kwanza kuafikiana nani aende mahakamani kuomba usimamizi, na hapo ndipo ndugu waliokula sinia moja hugeuka mahasimu, ilhali fedha za benki hazitoki wala shamba haliandikwi jina jipya.

Swali: Mimi ni Mwislamu, na Mwenyezi Mungu amekwisha kuyaweka mafungu ya warithi. Wasia una nafasi gani tena?

Jibu: Una nafasi kubwa. Mirathi ya Mwislamu nchini Kenya hufuata sheria ya Kiislamu, nayo ina taratibu yake: kwanza gharama za mazishi, pili madeni, tatu wasia, na ndipo warithi wapewe mafungu yao. Wasia hauruhusiwi kupita thuluthi ya mali isipokuwa warithi wenyewe waridhie, na sahaba Saad bin Abi Waqqas alipotaka kuusia thuluthi mbili, Mtume alimzuia, akamruhusu thuluthi moja huku akimwambia kuwa hata hiyo ni nyingi. Wala hauruhusiwi kumzidishia mrithi ila kwa ridhaa ya wenziwe. Thuluthi ni ya wale wasiorithi: mtoto wa kulea, msikiti au madrasa, na hususa mjukuu ambaye baba yake alitangulia kufa, kwa kuwa mjukuu huyo huzuiwa na ami zake walio hai, akatoka mikono mitupu katika nyumba ya babu yake. Babu mwenye insafu humkumbuka angali hai.

Swali: Wasia huandikwaje hata usimame mahakamani?

Jibu: Chini ya Sheria ya Urithi, mwenye kuusia hutia sahihi mbele ya mashahidi wawili au zaidi, nao hutia sahihi zao mbele yake. Shahidi asiwe mtu aliyeachiwa kitu katika wasia huo, kwani aweza kukikosa. Wasia wa mdomo hukubaliwa ukitamkwa mbele ya mashahidi wawili, lakini hubatilika endapo msemaji ataishi zaidi ya miezi mitatu. Na mtu akioa au kuolewa baada ya kuandika, wasia wa zamani kwa kawaida hutanguka; basi aandike mwingine.

Swali: Naweza kumnyima kabisa mtoto aliyeniasi?

Jibu: Mwislamu hawezi, kwa sababu fungu la mrithi halifutwi kwa wasia. Asiyekuwa Mwislamu ana uhuru zaidi, lakini mke au mtoto aliyeachwa bila riziki aweza kumwomba hakimu amkatie sehemu katika mali ya marehemu. Wasia ulioandikwa kwa ghadhabu huzaa kesi.

Swali: Nimekwisha kuandika. Niuweke wapi?

Jibu: Uweke kwa wakili au kwa wasii, yaani msimamizi uliyemteua na unayemwamini, naye akubali kazi hiyo mapema, kisha mwambie mkeo au mumeo ulipo, pamoja na hati za ardhi na orodha ya madeni. Wasia usiojulikana ulipo haumfai mtu. Basi wewe uliyesoma hapa, ungali na afya na akili zako, keti wiki hii na mwenzi wako mwandike mnavyomiliki na mnavyodaiwa, kisha mwende kwa wakili au kwa kadhi mkaukamilishe wasia wenu.