Umeumia, umeripoti, umefutwa

Tuseme kijana wa Munje anaezeka makuti kwenye hoteli moja Diani. Fito inakatika, anaanguka, mkono unavunjika. Jumatatu anamwambia msimamizi. Ijumaa anaambiwa asirudi, eti ni mzembe.

Sheria ya Ajira ya 2007 haimtaki athibitishe yaliyomo moyoni mwa bosi. Kazi yake ni kuonyesha kwamba ameachishwa isivyo haki. Kuthibitisha sababu ni juu ya mwajiri, kifungu cha 43. Basi bosi aulizwe: barua ya onyo iko wapi? Tena kifungu cha 41 kinataka mfanyakazi aelezwe kosa kwa lugha anayoielewa na asikizwe, akiwa na mwenzake wa kazini au mtu wa chama cha wafanyakazi. Uzembe unaozuka siku nne baada ya kuripoti ajali, bila onyo lolote la nyuma, ni mgumu kuutetea.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya 2007, inakataza kumfuta mtu kwa sababu tu amelalamikia hatari. Lakini kuumia si kinga: mwizi ataachishwa hata akiwa na plasta mkononi.

Kwa hiyo shika tarehe. Sheria ya fidia, WIBA, inakubali taarifa ya mdomo, ila mdomo hukanwa. Siku hiyo hiyo mtumie msimamizi ujumbe wa simu: saa, mahali, nani aliona. Ukifika hospitali ya Msambweni, mwambie daktari umeangukia kazini, na uangalie anachoandika. Kadi ikisema "ameanguka" tu, utaambiwa mahakamani ulianguka mnazini kwenu. Kibarua asiye na barua ya ajira atunze rekodi za malipo ya M-Pesa.

Mwajiri ana siku 7 za kumpelekea ripoti Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Usimngoje, kwani dai la kuumia lina miezi 12 tangu ajali. Dai la kufutwa ni jingine kabisa: lina miaka 3, na fidia yake haizidi mishahara ya miezi 12. Anayelipwa hadi shilingi 80,000 kwa mwezi husikizwa na hakimu; zaidi ya hapo ni Mahakama ya Ajira, Mombasa.

Ukiletewa karatasi ya "nimelipwa yote, sina dai", usitie sahihi papo hapo. Mahakama ya Rufaa imewahi kuwafungia mlango waliosaini kwa hiari yao. Wakikunyima cheti cha utumishi mpaka usaini, wao ndio wenye kosa: aliyefanya kazi wiki 4 mfululizo anastahili cheti hicho, kifungu cha 51.