Kuhamia toleo jipya la programu: Hatari ni hesabu zinazokosewa kimya kimya

SOMO LA WIKI

MFANYABIASHARA wa Kilosa au Mikumi anayetaka kuhamisha programu yake ya kompyuta kwenda toleo jipya ana mfano mzuri mlangoni kwake, nao ni reli.

Reli ya Kati, ambayo ujenzi wake ulianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ina upana wa milimita 1,000. Tawi lake linatoka Kilosa, linapita Mikumi na kuishia Kidatu, ambako linakutana na reli ya TAZARA yenye upana wa milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67 tu, lakini mzigo hauna budi kuhamishwa kutoka reli moja kwenda nyingine. Baadaye ikaja reli ya kisasa ya milimita 1,435, inayopita Kilosa, na abiria wakaanza kusafiri kwa reli hiyo kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma Julai 2024. Wakati ikijengwa, reli ya zamani haikung'olewa.

Programu za biashara zinazotumika kwa njia ya mtandao nazo zina reli yake. Chini kabisa ipo lugha ambayo programu imeandikwa. Juu yake hukaa kiunzi, yaani fremu iliyokwisha tengenezwa ambayo fundi huitumia badala ya kuanza kila kitu upya. Juu ya kiunzi ndipo zinapokaa kazi za mwenye biashara: stoo, ankara, malipo na wateja. Lugha ikibadilika, vyote vilivyo juu yake huguswa.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa lugha ya Python na kiunzi chake kiitwacho Django. Toleo la tatu la Python lilitolewa Desemba 2008, na kwa makusudi halikuafikiana na toleo la pili. Wenye programu walipewa zaidi ya miaka kumi kuhama, hadi Januari 1, 2020, siku ambayo toleo la pili liliacha kuhudumiwa. Django 1.11, iliyotoka Aprili 2017, ndiyo iliyokuwa ya mwisho kukubali matoleo yote mawili. Django 2.0, iliyotoka Desemba mwaka huo huo, ilikubali toleo la tatu peke yake.

Programu iliyobaki nyuma haisimami siku hiyo. Inaendelea kutoa ankara kama kawaida. Kinachokoma ni marekebisho ya usalama: tundu likigunduliwa, hakuna wa kuliziba, na wezi wa mitandaoni wanalijua tundu hilo kama mafundi wanavyolijua.

Si lugha hiyo tu. Mfumo wa takwimu za afya wa DHIS2, ambao Wizara ya Afya nchini huutumia, umejengwa kwa lugha ya Java. Kuanzia toleo lake la 38 ulihitaji Java 11, na kuanzia la 41 ukahitaji Java 17. Kuhama, kwa hiyo, ni gharama inayojirudia, na mwenye biashara anapaswa kuiweka katika bajeti kama anavyoweka matengenezo ya gari.

Makosa ya kuhama yapo ya aina mbili. Aina ya kwanza ni yale yanayopiga kelele. Chukua mfano wa mwenye hoteli Mikumi anayepokea wageni wa hifadhi. Mgeni aitwaye Müller anaandikisha chumba. Toleo la zamani lilichanganya maandishi na baiti, yaani namba ambazo kompyuta hutumia kuhifadhia herufi. Toleo jipya limevitenganisha viwili hivyo, na pale vinapokutana lazima pawe na ubadilishaji wa wazi, kama mzigo unavyohamishwa Kidatu. Fundi asipouweka, programu husimama na kutoa taarifa ya hitilafu. Hata Kiswahili hakikusalimika: neno “ng’ombe” likiandikwa kwa alama ya ritifaa iliyopinda linaweza kuleta shida ile ile. Ni usumbufu, lakini unaonekana na hutengenezwa siku hiyo hiyo.

Aina ya pili ndiyo inayomaliza mtaji. Katika toleo la zamani, namba nzima ikigawanywa kwa namba nzima, baki lilitupwa: 7 kwa 2 ilitoa 3. Katika toleo jipya jibu ni 3.5. Inaonekana kuwa nafuu, lakini tazama linavyofanya kazi kwa mnunuzi wa mahindi Kilosa.

Tuseme mkulima ameleta kilo 1,250, na bei ya mfano ni shilingi 800 kwa kilo. Programu ya zamani iligawanya kwa 100 ikapata magunia 12, kisha ikahesabu baki la kilo 50 peke yake. Magunia 12 kwa shilingi 80,000 ni shilingi 960,000; kilo 50 ni shilingi 40,000. Jumla ni shilingi 1,000,000, na ni sahihi.

Programu hiyo hiyo ikihamishwa bila kurekebishwa, mgawanyo utatoa magunia 12.5, yaani shilingi 1,000,000. Kisha itaongeza baki la kilo 50, shilingi 40,000. Mkulima atalipwa shilingi 1,040,000. Kilo 50 zimelipiwa mara mbili, hakuna taarifa ya hitilafu, na risiti imetoka safi. Wakulima kumi wenye baki kama hilo ni shilingi 400,000 kwa siku moja.

Dawa yake ni ndogo. Pale panapohitajika namba nzima, fundi huandika mikwaju miwili (//) badala ya mmoja (/). Kazi ni kupapata mahali hapo katika maelfu ya mistari. Aidha, ukadiriaji wa nusu umebadilika: 1,012.5 ilikuwa ikipandishwa kuwa 1,013, lakini toleo jipya huielekeza kwenye namba shufwa iliyo karibu, yaani 1,012. Kwa muamala mmoja si kitu. Kwa hesabu za mwaka, vitabu havitalingana na vya benki.

Kwa sababu hiyo, mwenye biashara asiridhike fundi anapomwambia kuwa programu “imewaka”. Adai hatua nne:

1. Kitu kimoja kwa wakati. Kiunzi kwanza kipandishwe hadi toleo linalokubali lugha zote mbili, kama Django 1.11. Ndipo lugha ibadilishwe, na mwisho kiunzi kipandishwe tena. Hitilafu ikitokea, itajulikana imeletwa na nini.

2. Mbili zitembee sambamba. Manunuzi ya msimu uliopita yaingizwe katika nakala ya programu mpya, na kila jumla ilinganishwe na ya zamani, risiti kwa risiti. Tofauti ya shilingi moja itafutiwe sababu.

3. Msimu uchaguliwe. Mwenye hoteli Mikumi ahame wakati wa masika, wageni wanapopungua. Mnunuzi wa nafaka amalize kabla ya mavuno.

4. Njia ya kurudi iwepo. Nakala ya akiba ya kumbukumbu zote itunzwe nje ya kompyuta hiyo, na ijaribiwe kama inafunguka.

Hatua ya pili ndiyo inayorukwa mara nyingi, kwa kuwa inachukua siku na fundi hulipwa kwa kazi iliyokwisha. Hata hivyo, haihitaji utaalamu wa kompyuta. Karani anayejua magunia, kilo na bei, mwenye daftari la mwaka jana mkononi, anaweza kuifanya vizuri kuliko fundi. Malipo ya mwisho ya fundi yasitolewe kabla karani huyo hajasaini kwamba jumla zote zimelingana.