Kumtambua Mwanafunzi Anayebahatisha

Pande za Nduta, wilayani Kibondo, watoto wengi huzungumza Kiha nyumbani. Mtoto asiyeelewa swali lililoandikwa kwa Kiswahili hubahatisha jibu. Je, jaribio letu litamfichua?

Tuchukue maswali 10 ya "kweli" au "si kweli". Kwa anayebahatisha, uwezekano wa kupata swali lolote ni p = 1/2, na wa kukosa ni q = 1/2; jibu la swali moja haliathiri la jingine. Njia za kupata maswali 6 ni 210, maswali 7, 120, 8, 45, 9, 10, na yote 10, njia 1. Jumla ni 386 kati ya 1,024. Basi uwezekano wa kupata 6 au zaidi ni karibu 0.38. Wakibahatisha watoto 40, tutarajie 15 "wafaulu"!

Wastani ni np = 5. Varianzi, yaani kipimo cha mtawanyiko, ni npq = 2.5, na kipeuo chake cha pili ni karibu 1.6. Alama 6 haijauacha wastani wa kubahatisha.

Tukiweka majibu manne ya kuchagua, p ni 1/4 na q ni 3/4. Sasa njia zile 210 huzidishwa kwa p⁶q⁴, na kadhalika kwa alama za juu. Wastani hushuka hadi 2.5, varianzi ni 1.875, na uwezekano wa kupata 6 au zaidi ni karibu 0.02 tu.

Kutunga majibu matatu ya uongo yanayoaminika ni kazi ngumu, twakiri. Walakini, aliyepata 6 katika jaribio la kwanza tumwite mezani atueleze jibu lake kwa mdomo, hata kwa Kiha.