Spea Kwanza, Gari Baadaye: Nasaha kwa Mnunuzi wa Gari la Porini Lililotumika

Kijitabu hiki kimekusudiwa mtu mwenye akiba ya wastani na kazi nzito: mkulima ambaye shamba lake liko ng'ambo ya mto usio na daraja, mchimba visima, mwenye duka la jumla anayepeleka bidhaa katika vijiji visivyofikiwa na lori wakati wa masika, na kila mwenye haja ya gari la kuvuta kwa magurudumu manne ilhali hana uwezo wa kulinunua jipya. Aghalabu mtu wa namna hii hushuka Dar es Salaam fedha ikiwa tayari, akapokewa na dalali kabla ya kupokewa na mwenyeji wake, na kabla ya adhuhuri akawa amekwisha kuoneshwa magari kadha wa kadha yaliyopakwa rangi mpya, ambayo kila moja husemwa kuwa lilikuwa la padri au la mzungu wa mradi, wala halikupata kubeba mzigo hata siku moja.

Nasaha yetu ni kinyume cha desturi hiyo. Siku ya kwanza usitazame gari lolote, bali enda Kariakoo na daftari.

Kutoka lile soko kuu lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, fuata Mtaa wa Msimbazi ukishuka upande wa Gerezani, nawe utakuta maduka ya spea yamesongamana, haya yakiuza vifaa vipya vilivyo katika maboksi, na yale yakiuza vya mtumba vilivyofunguliwa katika magari mengine. Na usipotosheka hapo, vuka uende Shaurimoyo, Ilala, ambako mtumba ndio biashara yenyewe. Uliza bei ya klachi nzima, pampu ya maji, rejeta, mkanda wa taimingi, nozeli, bushi, springi, shokapu na bearing za magurudumu ya mbele, kwa kila aina ya gari unayoifikiria, katika maduka yasiyopungua matatu, na uandike bei mbili, ya kifaa halisi na ya kile cha kuigiza, kwa kuwa tofauti baina yao ni kubwa na muuzaji hatakutajia mpaka umwulize. Kisha uliza jambo moja zaidi: je, kifaa hiki kipo rafuni sasa hivi, au sharti kiagizwe? Jawabu la swali hili lina thamani kuliko bei zote ulizoandika, madhali gari ambalo spea yake hungojewa kutoka Dubai litakaa juu ya mawe wiki kadhaa huku mahindi yakiozea shambani, na hasara hiyo hakuna dalali aliyewahi kuitaja katika hesabu yake.

Daftari hilo ndilo litakalokuchagulia gari, na ndilo litakalokuwa silaha yako siku ya kupatana bei.

Gari gani?

Kwa hakika, mwenye kuzunguka maduka hayo ataona kwamba rafu zimejaa vifaa vya Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ulioanza kuundwa mwaka 1984, ambayo watu wetu huiita Mkonga. Injini iliyoipatia sifa ni 1HZ, iliyotoka mwaka 1990: ya dizeli, silinda sita, ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, isiyo na turbo wala kompyuta, na pampu yake ya mafuta huendeshwa kwa mitambo mitupu, hata fundi wa Liwale au Mpanda aweza kuifungua na kuirudisha. Haina mbio, na hula dizeli, maana ukienda kilometa 7 au 8 kwa lita moja ushukuru. Aibu yake kubwa kwa mnunuzi mwenye fedha chache ni kwamba kila mtu anaijua thamani yake, kwa hiyo ile utakayoimudu huenda ikawa imekwisha kuchoka kupita kiasi.

Land Rover Defender hupatikana kwa bei nafuu zaidi. Yenye injini ya 300Tdi, iliyoanza mwaka 1994, ni rahisi kutengeneza. Yenye Td5, iliyoifuata mwaka 1998, imetiwa umeme katika upigaji wake wa mafuta, nayo si ya kupelekwa mbali na mji wenye fundi mwenye mashine ya kuisoma. Defender hiyo ya asili iliacha kuundwa Januari 2016. Rai yetu ni hii: ikiwa katika wilaya yako yupo fundi aliyezeeka na Land Rover, inunue bila hofu, ikiwa hayupo, urahisi wa bei usikughuri.

Ama yale magari makubwa ya fahari, yenye viti vya ngozi na injini ya V8, ambayo baada ya miaka mingi huuzwa kwa bei ya kushangaza, tunayapita kwa sentensi hii moja: bei yake ilishuka kwa sababu gharama yake haikushuka.

Chini ya rangi

Hapana budi uende na fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji, na umlipe ujira wake kabla ya kuliona gari, uwe umenunua au hukununua, ili asiwe na tamaa ya kugawana na dalali kile cha juu.

Anza na chesisi. Pwani hii ina chumvi hewani, na gari lililoishi miaka mingi Tanga, Mtwara, Mafia au hapa mjini huliwa na kutu kutoka ndani. Na Land Rover, ambayo mabati yake ya nje ni ya aluminiamu, huweza kuonekana kijana kwa nje ilhali chuma kilichoibeba kimegeuka vumbi. Lala chini, gonga kwa nyundo ndogo toka mbele hata nyuma, na usikilize mahali ambapo sauti inafifia; palipopakwa lami nzito nyeusi hivi karibuni, pakwanguliwe. Hapo hapo, upande wa kulia karibu na gurudumu la mbele, itafute namba ya chesisi iliyogongwa katika chuma, uisome kwa macho yako, na uilinganishe na ile iliyo kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu.

Jambo la pili ni mafuriko, ambayo wageni hawayafikirii. Bonde la Msimbazi pale Jangwani hujaa mara kwa mara, na gari lililozama huoshwa, hukaushwa na kurudishwa sokoni kimya kimya. Inua mazulia na utazame matope makavu chini ya viti na nyuma ya dashibodi. Fungua difu na giaboksi, na oili ikitoka nyeupe kama maziwa, ujue maji yaliingia.

Injini iwashwe ikiwa baridi, alfajiri, na mtangulie muuzaji ili asiipashe moto kabla hujafika. Moshi mweusi kidogo wakati wa kukanyaga ni jambo la kawaida kwa dizeli kongwe. Wa buluu usiokoma ni oili inayoungua. Na mweupe wa mvuke, pamoja na mapovu yanayopanda katika rejeta, huonesha kwamba silinda hedi imepasuka au gasketi yake imekwisha, maradhi yanayoipata 1HZ iliyowahi kuchemka, hususan iliyofungwa turbo baadaye. Mkanda wake wa taimingi hubadilishwa kila kilometa 100,000; asiye na ushahidi kwamba aliubadilisha, mhesabu kuwa hakuubadilisha. Tazama pia nyuma ya magurudumu ya mbele: grisi ikichuruzika pale kwenye maungio, umepata kazi, na umepata hoja ya kupunguziwa.

Katika msongamano wa Kariakoo gari halijaribiki, kwa kuwa hata gari bovu laweza kwenda mwendo wa konokono. Lipeleke Pugu, ulipandishe vilima vya kuelekea Kisarawe likiwa na watu ndani, kisha ulipeleke kwenye mchanga wa Kigamboni na huko uingize gia ya magurudumu manne, ya kasi na ya nguvu. Usiifanye kazi hiyo kwenye lami kavu huku ukikata kona, maana utaumiza mitambo ambayo bado si mali yako.

Karatasi

Asiye na kadi halisi mkononi hana gari la kuuza, hata akiapa kwamba kadi iko kwa ndugu yake mkoani. Jina la kwenye kadi liwe la huyo anayetia sahihi, pamoja na kitambulisho chake cha taifa na namba yake ya mlipakodi. Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili. Na umiliki uhamishwe TRA pasipo kukawia, kwa sababu maadamu jina ni la mwingine, gari ni la mwingine. Ulizia pia faini za polisi wa usalama barabarani na madeni ya maegesho ya TARURA, ambayo hulifuata gari.

Magari ya miradi, yenye namba za DFP, hupendwa kwa matunzo yake, lakini mengi yaliingia kwa msamaha wa kodi, na msamaha huo haumfuati mnunuzi: kodi itadaiwa, na sharti mjue kabla ya kupatana ni nani atakayeilipa. Vivyo hivyo kwa gari lenye namba za Zanzibar linaloletwa bara. Ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya thamani ya gari, na juu ya jumla ya thamani na ushuru huja kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, mbali na ushuru wa bidhaa na nyongeza ya magari yaliyozeeka. Basi asikudanganye mtu kwamba ni jambo dogo la kumalizana ofisini. Kwenye minada ya serikali gari huuzwa kama lilivyo, aghalabu bila kujaribiwa, na mshindi hutakiwa kuweka amana papo hapo. Usome tangazo lote na ukague siku za ukaguzi, na kwa mwenye fedha chache tungesema mnada ni wa fundi, si wa mwanafunzi.

Ukisha kuridhika, lipa kupitia benki. Kariakoo si mahali pa kutembea na mfuko wa noti.

Na katika fedha uliyo nayo, theluthi moja isiguswe katika kununua, kwani hiyo ni ya mkanda, oili zote, tairi, breki na yale ambayo macho hayakuyaona. Gari ambalo bei yake inaimaliza akiba yote si lako, hata liwe zuri namna gani. Muuzaji atakayekataa gari lake lisiwashwe likiwa baridi, chesisi isigongwe, au lisipelekwe Pugu, mshukuru kwa muda wake, umwage, uende zako: magari ya kuuzwa Dar es Salaam ni mengi, na wiki ijayo yatakuja mengine.